Pareto katika Miinuko ya Kivu na Virunga: Historia ya Ua, Ardhi na Malipo

Katika mijadala juu ya historia ya uchumi wa Kivu, kahawa, chai na mti wa kwinini hutajwa mara kwa mara. Pareto hutajwa kwa nadra, na pale inapotajwa hupewa mstari mmoja tu: ililetwa na walowezi, ikashindwa na dawa za maabara, ikatoweka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mstari huo una kasoro katika sehemu yake ya katikati. Maabara ilichangia, hilo halina ubishi. Lakini ukifuatilia safari ya ua hili toka pwani ya Adriatiki hadi miteremko ya Virunga, utaona kwamba mahali pengi mkulima alikwisha kukata tamaa kabla ya mnunuzi. Jambo hili linafaa kuchunguzwa, maana mazao mengine ya aina hiyo bado yanaletwa kwetu kwa ahadi zilezile.

Mmea na majina yake

Pareto ni mmea wa jamii ya alizeti. Wataalamu wa mimea huuita Tanacetum cinerariifolium, ingawa vitabu vya zamani huuweka chini ya jina la Chrysanthemum au Pyrethrum. Majani yake yamepasukapasuka kama unyoya, nayo yana rangi ya kijivu mfano wa majivu. Ua lake lina petali nyeupe zilizozunguka kitovu cha manjano. Asiyeujua angedhani ni ua la bustani tu. Sumu yake imejificha ndani ya kichwa cha ua, hasa katika vijitunda vidogo ambavyo mtu wa kawaida huviita mbegu. Ua lililokaushwa vizuri lina sumu hiyo kwa kadiri ya asilimia moja hadi mbili ya uzito wake, nayo inatosha kuangusha nzi, mbu, kunguni na viroboto kwa dakika chache.

Majina ya mmea huu yanastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha. Wakroatia, ambao katika nchi yao unaota wenyewe porini, huuita buhač, kutokana na neno lao lenye maana ya kiroboto. Wajapani huuita jochūgiku, yaani ua la kuondoa wadudu. Watu hao wawili wameupa jina kutokana na kazi yake. Jina la kitaalamu, pyrethrum, lina asili ya Kigiriki katika neno la moto, na hapo mwanzo lilikuwa la mmea mwingine kabisa ambao mzizi wake huwasha ulimi. Sisi Waswahili tumelipokea jina hilo kupitia kwa Waingereza wa Kenya, likawa pareto. Wanyarwanda wamelipokea kupitia Kifaransa, likawa ibireti. Kwa hiyo katika lugha zetu jina halisemi chochote juu ya wadudu wala juu ya majivu ya majani. Linasema tu mmea umetoka mikononi mwa nani. Neno ibireti na neno pareto yamekutana chini ya milima ileile, moja likiwa limepanda kutoka Nairobi na jingine likiwa limetoka Brussels, ilhali ua ni moja.

Kutoka porini hadi shambani

Asili ya mmea ni pwani ya mashariki ya Bahari ya Adriatiki, katika miamba ya chokaa ya Dalmatia na nchi za jirani, ambazo leo ni Kroatia, Bosnia na Herzegovina, Montenegro na Albania. Hata hivyo, unga wa kwanza wa kuua wadudu uliouzwa kwa wingi Ulaya haukutoka huko. Ulitoka Kaukasi na Uajemi, ukasagwa kutokana na ndugu yake mwenye ua jekundu. Mfanyabiashara Johann Zacherl aliununua Tiflis na kuuuza Vienna katikati ya karne ya 19, akatajirika. Baadaye ilidhihirika kuwa ua jeupe la Dalmatia lilikuwa na nguvu zaidi, na biashara ikahamia huko, ikipitia bandari ya Trieste.

Mwanzoni wanakijiji wa Dalmatia walikwenda kuyachuma maua milimani kama watu wanavyokusanya uyoga. Bei ilipopanda, wakaanza kupanda mbegu katika vipande vya ardhi ya mawe ambavyo havikufaa kitu kingine. Hivyo ndivyo mmea wa porini ulivyogeuka kuwa zao. Mbegu hazikukaa pale. Katika miaka ya 1870 mzaliwa mmoja wa Dalmatia, G. N. Milco, alikuwa akiupanda California na kuuza unga wake kwa jina la Buhach. Mwaka 1886 Ueyama Eiichiro wa Wakayama, nchini Japani, alipata mbegu kutoka kwa Mmarekani mmoja. Mwaka 1890 alitengeneza kijiti cha kufukiza mbu, na mwaka 1902 akaanza kuuza kile kifukizo chenye umbo la nyoka aliyejikunja ambacho leo kinauzwa katika kila duka la Goma na la Lubumbashi. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoivuruga biashara ya Dalmatia, Japani ilichukua nafasi yake na kuwa mzalishaji mkuu duniani.

Tuweke alama hapa. Mara ya kwanza soko la pareto lilipohama kutoka nchi moja hadi nyingine, lilihamishwa na vita. Tutaona vita vikifanya hivyo tena.

Mlima badala ya majira ya baridi

Mmea wa pareto hautoi maua bila kupata baridi. Ukipandwa katika tambarare yenye joto, utatoa majani mengi mazuri na hautatoa ua hata moja. Kule Adriatiki na Japani baridi hiyo huletwa na majira ya mwaka, na kwa sababu hiyo mavuno ni mara moja tu kwa mwaka, yote kwa pamoja. Karibu na ikweta hakuna majira ya baridi, bali kuna urefu wa mlima. Juu ya mita 1,800 au 2,000 usiku una ubaridi wa kutosha mwaka mzima, na mmea, ukiwa umedanganyika kama mtu atakavyosema, huchanua bila kukoma kwa miezi mingi. Maua ya huku yalionekana pia kuwa na sumu nyingi kuliko ya Japani.

Faida hiyo ina upande wake wa pili, nao kwa maoni yetu ndio ufunguo wa historia nzima. Mmea unaochanua mfululizo lazima uchumwe mfululizo. Kila baada ya wiki mbili au tatu mtu lazima apite katika mistari ileile, achague maua yaliyofunguka kwa kadiri inayotakiwa, ayaache yale machanga, na kuyaanika siku hiyohiyo yasije yakachacha. Kilo moja ya maua makavu huhitaji kilo nne au tano za maua mabichi, na ua lenyewe ni jepesi mno. Hakuna mashine iliyoweza kazi ya namna hiyo. Kwa maneno mengine, mlima wa Afrika ulitoa pareto bora kwa sharti moja: ipatikane mikono mingi, na ya bei nafuu. Mara nyingi mikono hiyo ilikuwa ya wanawake na watoto.

Kenya ndiyo iliyotangulia. Mbegu zilifika huko mwishoni mwa miaka ya 1920, na kufikia miaka ya Vita ya Pili ya Dunia miinuko ya Nakuru na Molo ilikuwa ikishindana na Japani. Kwa miaka mingi lilikuwa zao la walowezi; wakulima wadogo wa Kiafrika waliingia kwa wingi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Katika Kongo ya Wabelgiji zao hili lilifuata njia hiyohiyo, likiwa na mazingira yake. Halmashauri ya Taifa ya Kivu, iliyojulikana kwa kifupi kama CNKi, iliundwa mwaka 1928 na kupewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Wengi wao walipanda kahawa, na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukawafundisha hatari ya kutegemea zao moja. Pareto ilifaa katika sehemu za juu ambako kahawa haistawi: Masisi, Lubero, miteremko ya volkano kaskazini mwa Goma. Isitoshe, kahawa humsubirisha mkulima miaka kadhaa, lakini pareto huanza kuchumwa ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili.

Mikono ilitoka wapi? Kwa sehemu ilitoka kwa wenyeji, ambao kodi iliwalazimu kutafuta fedha. Kwa sehemu ilitoka ng'ambo ya mpaka: kuanzia mwaka 1937 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuwahamisha Wanyarwanda kuja Gishari na sehemu nyingine za Masisi, ukaendelea hadi mwaka 1955. Lengo lililotangazwa lilikuwa kupunguza msongamano na njaa Rwanda. Lengo lisilofichwa sana lilikuwa kuyapatia mashamba makubwa wafanyakazi. Hatutaki kusema kwamba pareto ndiyo iliyowaleta watu hao, kwani ilikuwa zao mojawapo kati ya mengi. Lakini anayeandika juu ya suala la ardhi ya Masisi, ambalo limemwaga damu nyingi tangu mwaka 1993, asiliache nje zao lililohitaji mikono kila baada ya wiki mbili.

Vita na kopo la dawa

Desemba 1941 Japani iliishambulia Pearl Harbor, na soko kubwa la Marekani likatengwa na mzalishaji wake. Wakati huohuo majeshi ya Washirika yalikuwa yakienda kupigana katika nchi za mbu na chawa. Mwaka 1941 pia, Wamarekani wawili, Lyle Goodhue na William Sullivan, walibuni kopo la kupulizia dawa kwa nguvu ya gesi. Ndani yake mlikuwa na pareto pamoja na mafuta ya ufuta, ambayo yalikuwa yamegunduliwa kuwa huiongezea pareto ukali. Makopo ya aina hiyo yaligawiwa askari kwa mamilioni. Makopo yote ya kupulizia tunayoyaona leo, hata yale ya manukato, yana asili yake katika kopo lile.

Maua yalitoka Kenya, na Kongo nayo ikachangia. Ni vizuri kukumbuka hali ya mkulima wa Kongo wakati huo. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi ya lazima kwa wanavijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, kwa jina la juhudi za vita. Mpira, mawese, pamba na mengineyo yalidaiwa kwa nguvu. Pareto ilikuwa zaidi zao la mashamba ya walowezi, kwa hiyo haikuacha kumbukumbu chungu kama ile ya mpira. Lakini ilipata bei yake nzuri katika nchi ambamo gharama ya mikono ilikuwa imepangwa na serikali.

Bei hiyo haikudumu. Paul Müller wa Uswisi alikuwa amegundua mwaka 1939 nguvu ya DDT dhidi ya wadudu, na vita vilipokwisha dawa hiyo ya bei ndogo ilimwagika duniani kote. Mwaka 1949 Wamarekani walitangaza aletrini, ya kwanza kati ya dawa zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto. Walitegemea kazi iliyoanzwa na Hermann Staudinger na Leopold Ružička, waliochapisha mwaka 1924 utafiti wao juu ya muundo wa sumu hiyo. Ružička mwenyewe alizaliwa Vukovar, katika Kroatia ya leo. Kisha mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, walitoa permetrini, ambayo haiharibiwi upesi na mwanga wa jua kama pareto ya asili. Vyandarua vilivyotiwa dawa vinavyogawiwa Kongo, nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, hutumia permetrini au ndugu zake. Mtoto anayelala chini ya chandarua mjini Uvira analindwa na kivuli cha ua lililowahi kulimwa miinuko michache kutoka kwao, bila ya mkulima wa miinuko hiyo kuhusika kwa lolote.

Je, maabara ndiyo iliyoua?

Hapa ndipo wengi hufunga kitabu. Tunaomba kisifungwe bado. Kama permetrini ndiyo iliyoiua pareto, basi pareto ingekufa kila mahali. Haikufa. Dawa ya asili iliendelea kutakiwa, kwa sababu huoza upesi na kutoweka, na kwa sababu miili ya binadamu na ya wanyama wa nyumbani huivunja haraka. (Wanaosema kwamba kitu cha asili hakina madhara wajue kuwa samaki hufa kwa pareto, na nyuki pia.) Baada ya Rachel Carson kuchapisha kitabu chake mwaka 1962 na Marekani kuzuia DDT mwaka 1972, walioitaka waliongezeka.

Tuitazame Kenya. Msimu wa 1992/93 ilizalisha takriban tani 18,000 za maua makavu, ikiwa bado mzalishaji wa kwanza duniani. Permetrini ilikuwa na umri wa karibu miaka 20. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mavuno hayakufikia tani 1,000. Dawa za maabara hazikubadilika kiasi hicho katika muda huo. Kilichobadilika ni malipo: wakulima walipeleka maua kiwandani wakangoja fedha miezi, kisha miaka, kwa mnunuzi mmoja aliyelindwa na sheria. Tena waliolipwa walilipwa kwa kiwango cha sumu kilichopimwa kiwandani, jambo ambalo mkulima hana jicho la kulihakiki. Wakang'oa. Sheria iliyofungua soko ilikuja mwaka 2013, wakati Tasmania, kisiwa cha Australia, ilikuwa imekwisha kulichukua. Huko walichagua mbegu zinazochanua kwa pamoja na kuvuna kwa mashine. Yaani waliurudisha mmea kwenye tabia yake ya Adriatiki, wakaepukana na suala la mikono.

Rwanda inafundisha jambo jingine. Mwaka 1969 karibu hekta 10,000 za hifadhi ya milima ya Virunga zilimegwa kwa ajili ya pareto, kwa fedha za Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Familia zilipewa hekta mbili kila moja, kwa sharti la kupanda pareto katika sehemu ya shamba. Msitu uliokuwa ukishuka hadi chini ukakatwa kwa mstari. Utafiti wa George Schaller wa miaka ya 1959 na 1960 ulikadiria gorila 450 hivi katika safu yote ya Virunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu 250. Ujangili ulichangia, na vita vya Kongo vya miaka ya 1960 pia, lakini gorila hawezi kurudi katika msitu uliogeuka shamba. Miaka michache baada ya msitu kukatwa bei ya pareto ilishuka. Mkulima hakuruhusiwa kuacha kwa hiari yake: ardhi alipewa kwa ajili ya ua, na ua haliliwi.

Kongo haikuwa na ofisi yenye nguvu ya kumlazimisha wala ya kumcheleweshea mtu malipo kwa mpango. Ilikuwa na mikasa. Walowezi wengi waliondoka mwaka 1960. Uasi wa mwaka 1964 na vita vya mamluki vya mwaka 1967 vilipita katika Kivu. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba ya wageni yangegawiwa kwa Wazaire, na mengi yakaangukia mikononi mwa watu wa mjini ambao hawakuwahi kuishi shambani. Ng'ombe huhitaji mchungaji mmoja pale ambapo pareto ilihitaji wachumaji kumi, kwa hiyo mashamba mengi ya Masisi yaligeuzwa malisho. Waliokuwa wafanyakazi wakabaki bila ajira na bila ardhi, juu ya ardhi waliyoijua mstari kwa mstari. Yaliyofuata baada ya mwaka 1993 yanajulikana, wala hayana nafasi katika makala haya mafupi.

Pareto haijaisha kabisa. Upande wa Rwanda kiwanda cha Musanze, mji ulioitwa zamani Ruhengeri, bado kinanunua maua. Hesabu ya gorila wa Virunga ya miaka ya 2015 na 2016 ilipata 604, ingawa msitu haujaongezeka. Lakini katika udongo mweusi wa volkano, pande zote mbili za mpaka, zao linaloonekana zaidi leo ni viazi. Hakuna aliyewaamuru wakulima kupanda viazi. Huvunwa baada ya miezi mitatu au minne, hupimwa kwa gunia mbele ya macho ya mwenyewe, mnunuzi hulipa palepale kando ya barabara iendayo Goma au Kigali, na vile vidogo vilivyokataliwa hurudi nyumbani kupikwa jioni.